Merkaptopurini ya maji: maoni ya mama anayeipima kila jioni

Wazazi wenzangu huniuliza mara kwa mara kama kuna haja ya kumtoa mtoto kwenye vidonge vya merkaptopurini, dawa ya saratani, na kumpa ile ya maji. Nimetumia zote mbili kwa binti yangu. Ana lukemia kali ya limfoblasti, saratani ya damu inayowapata watoto kuliko saratani nyingine yoyote, na sasa yuko kwenye awamu ya kuendeleza tiba, ile ndefu ambayo dawa hunywewa nyumbani kila siku kwa miaka 2 hivi. Msimamo wangu nausema mapema: kwa mtoto ambaye bado hawezi kumeza kidonge, chagua ya maji. Ina kero zake na nitazitaja, lakini hakuna hata moja iliyonifanya nitamani vile vidonge tena.

Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 50, rangi ya manjano iliyopauka, kina mstari katikati wa kukigawa. Dozi haipigwi kwa umri bali kwa eneo la mwili, linalokokotolewa kutoka urefu na uzito, na kwa kawaida huanzia kati ya miligramu 50 na 75 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Sasa piga hesabu ya mtoto mdogo. Mwanangu alikuwa na mita za mraba 0.6. Daktari aliandika miligramu 60 kwa mita ya mraba, yaani miligramu 36 kwa siku. Miligramu 36 haipatikani kwenye kidonge cha 50 hata ukikate vipi. Kinachofanyika ni mfamasia kukupangia ratiba: leo nusu, kesho kizima, keshokutwa nusu tena, ili mwisho wa wiki jumla ikaribie inavyotakiwa. Kwa makaratasi hesabu inatoka. Lakini mwili wa mtoto siku moja unapata 25 na siku ya pili 50, na hakuna siku hata moja unayopata 36.

Hapo bado hujafika kwenye kukata. Nusu mbili za kidonge hazilingani. Moja inabaki nene, nyingine inamomonyoka, na unga wake si wa kuchezea, maana hii ni dawa inayoua chembe zinazogawanyika. Unavaa glavu, unafanya kazi hiyo mbali na vyombo vya kulia, na mama mjamzito hatakiwi kuigusa kabisa. Kisha unaponda, unachanganya na kijiko cha kitu kitamu, unampelekea mtoto wa miaka 3 ambaye ameshachoshwa na kila kitu kinacholetwa na mtu mzima mwenye glavu. Ananusa, anafunga mdomo. Akifungua, anatema. Umempa kiasi gani? Hakuna ajuaye. Swali hilo lilinikosesha usingizi kuliko homa zake, kwa sababu homa unaipima kwa kipimajoto.

Ya maji imekuja kwenye chupa ya kioo cheusi ya mililita 100, na kila mililita ina miligramu 20. Miligramu 36 ni mililita 1.8. Basi. Hakuna leo nusu kesho kizima.

Namna inavyotumika nitaieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo karatasi ya maelekezo imeandika kwa haraka mno. Dawa yenyewe ni nzito kidogo, rangi kati ya waridi na kahawia, na ina harufu ya tunda la rasiberi. Haijayeyuka majini, inaelea tu, kwa hiyo ikikaa inazama chini. Ndiyo maana chupa inatikiswa kwa nguvu sekunde 30 kamili. Si kuigeuza mara mbili na kuridhika. Ukiichukua bila kutikisa vizuri, juu utapata maji matamu na mwishoni mwa chupa utapata dawa kali kuliko ulivyoandikiwa. Mimi huhesabu kwa sauti na binti yangu huhesabu pamoja nami, na hivyo ndivyo alivyojifunza kuhesabu mpaka 30.

Shingoni mwa chupa unasukumia kizibo cha plastiki chenye tundu, na hicho hakitolewi tena. Unachomeka sirinji isiyo na sindano, unaigeuza chupa kichwa chini, unavuta. Povu huja. Usisome mstari kabla povu halijapanda: rudisha dawa chupani, vuta tena polepole, na usome mahali ukingo wa pistoni unapogusa mstari. Boksi linakuja na sirinji mbili, ya mililita 1 na ya mililita 5, na kwa dozi yetu tunatumia kubwa. Ncha inaelekezwa ndani ya shavu, si kooni, ili asipaliwe. Sasa hivi anashika sirinji mwenyewe na mimi nashika mkono wake.

"Mama, taratibu."

"Haya, taratibu."

Anasukuma, anameza, anakunywa maji, imekwisha. Sirinji inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inaachwa ikauke.

Nilipoona jinsi lilivyo jambo dogo, nilitaka kujua kwa nini halikuwepo zamani, na hapo nikakutana na Gertrude Elion. Namtaja kwenye maoni ya dawa kwa sababu ninaamini mtu anayempa mtoto wake dawa hii anastahili kumjua aliyeitengeneza. Elion alizaliwa New York mwaka 1918. Babu yake alikufa kwa saratani ya tumbo yeye akiwa na miaka 15, na hapo akaamua kusomea kemia. Alimaliza chuo akiwa na miaka 19, lakini maabara hazikutaka kuajiri wanawake, akazunguka kwenye kazi za muda hadi mwaka 1944 alipoingia kampuni ya Burroughs Wellcome chini ya George Hitchings. Alianza kusoma shahada ya uzamivu usiku, chuo kikamtaka aache kazi asome mchana, akachagua kazi. Hakuipata shahada hiyo kwa kuisomea, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Hitchings na James Black.

Wazo lao lilikuwa hili. Kila chembe inayogawanyika inahitaji purini ili kujenga DNA mpya. Chembe za lukemia zinagawanyika kwa pupa, kwa hiyo zinazihitaji mno. Elion akatengeneza purini moja baada ya nyingine zilizobadilishwa kidogo, zaidi ya 100, na mwaka 1951 akapata iliyowekewa salfa mahali penye oksijeni. Chembe inaichukua ikidhani ni chakula chake, inaibadilisha, inaijenga ndani ya DNA kama tofali bovu, na ukuta unashindwa kusimama. Watoto waliopimwa nayo walikuwa New York, kwenye hospitali ya Memorial ya taasisi ya Sloan-Kettering. Wakati huo mtoto mwenye lukemia kali aliishi miezi 3 au 4. Kwa kuongezewa merkaptopurini, nusu yao walifika mwaka. Marekani iliiidhinisha mwaka 1953.

Mwaka mmoja kisha ugonjwa kurudi. Elion aliwaona watoto wakipata nafuu halafu wakipotea, na jambo hilo lilimsukuma kutumia miaka akifuatilia dawa hii inakwenda wapi mwilini na inavunjwaje. Leo, ikichanganywa na dawa nyingine kwa mpangilio, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia hii wanapona kwenye nchi zenye huduma kamili. Mimi ninampimia mmoja wao.

Lakini tazameni miaka. Dawa iliidhinishwa 1953, na watoto ndio waliokuwa wagonjwa wake wa kwanza. Ya maji iliyotengenezwa kiwandani iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2014. Karibu miaka 60 watoto wameponea kwenye kidonge kilichopimwa kwa koo la mtu mzima. Sheria za kuwabana watengenezaji wa dawa wawafikirie watoto zenyewe zilichelewa: Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ulaya mwaka 2007. Hili linaniuma. Kugundua dawa ni kazi kubwa, lakini kuiweka kwenye umbo ambalo mtoto anaweza kulimeza lote, kila siku, ni nusu ya pili ya kazi hiyohiyo, na kwa muda mrefu mno nusu hiyo waliachiwa akina mama wenye kisu na kijiko.

Kwa nini nasema kila siku? Mwaka 2012 Smita Bhatia na wenzake walichapisha utafiti wa watoto waliokuwa kwenye awamu hii, vifuniko vya chupa zao vikiwa na kifaa kinachorekodi kila vinapofunguliwa. Waliokunywa chini ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Ukikosa dozi moja kwa mwezi bado uko juu kidogo ya asilimia 95, ukikosa mbili umeshateleza chini yake. Baada ya kusoma hayo, kila kijiko kilichotemwa zamani kiliniuma upya, na kila sirinji iliyotoka tupu mdomoni ikawa na thamani nyingine.

Kundi hilohilo la watafiti lilitoa mwaka 2017 jambo la kuwatuliza wazazi. Tumezoea kuambiwa apewe usiku, tumbo likiwa tupu, mbali na maziwa. Sababu ya maziwa inaeleweka: yana kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidezi ambacho huivunja merkaptopurini, na karatasi ya dawa bado inataka inywewe saa 1 kabla ya maziwa au saa 2 baada yake. Ila watafiti walipofuatilia mazoea ya familia, hawakuona kwamba kumpa pamoja na chakula au maziwa kuliongeza hatari ya ugonjwa kurudi. Kilichokuwa na uzito ni kunywa bila kuruka. Sisi tulizungumza na daktari wetu, tukachagua saa ya jioni ambayo haivurugwi na chochote, na maziwa akayapata asubuhi. Fuateni alivyosema daktari wa mtoto wenu, ila muulizeni, kwa sababu sharti linalofanya dozi irukwe ni sharti baya.

Sasa kinga ya mwili, ambayo ndiyo upande wa pili wa dawa hii na ndiyo inayofanya nyumba yetu iishi inavyoishi. Chembe za kinga nazo hugawanyika kwa kasi, kwa hiyo tofali bovu linaziingia pia. Mwaka 1959 Robert Schwartz na William Dameshek walionyesha kwamba sungura waliopewa merkaptopurini hawakutengeneza kingamwili dhidi ya protini ngeni waliyochomwa. Daktari mpasuaji Mwingereza, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, na figo zikadumu. Maabara ya Elion ikampa dawa iliyo ndugu wa karibu wa merkaptopurini, azathioprini, na mwaka 1962 Joseph Murray akaitumia Boston kwa mgonjwa aliyepewa figo ya mtu asiye ndugu yake, na mwili ukaikubali. Kwa hiyo dawa iliyotafutwa kwa ajili ya lukemia ndiyo iliyofungua mlango wa upandikizaji.

Kwa mwanangu maana yake ni kipimo cha damu mara kwa mara. Miongozo mingi inataka neutrofili, zile chembe nyeupe za mstari wa mbele, zikae kati ya 500 na 1,500 kwa maikrolita. Zikipanda sana dozi inaongezwa, zikishuka inapunguzwa au inasimamishwa. Na hapa ya maji inaonyesha uwezo wake. Daktari akisema punguza kwa robo, natoka mililita 1.8 naenda 1.35, na hiyo ninaisogezea mstari bila kukata chochote. Kwenye vidonge robo ilikuwa ni kuchora kalenda upya. Homa ya nyuzi 38 ni kwenda hospitali palepale, hata kama anacheka na kucheza. Chanjo zenye virusi hai hapati kwa sasa, na mtoto mwenye tetekuwanga akiwa karibu naye napiga simu siku hiyohiyo.

Kuna jambo nililoligundua siku nikipanga dawa zake kwenye trei, na bado linanigusa. Wiki za mwanzo alipewa alopurinoli ili figo zake zisizidiwe na asidi ya yuriki inayotoka kwenye chembe za saratani zinazokufa. Siku kadhaa za wiki anakunywa ile dawa ya kuzuia nimonia, ambayo mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani yake ni trimethoprimu. Na kama tetekuwanga ingemshika, dawa ingekuwa asiklovia. Zote nne, pamoja na merkaptopurini, zimetoka kwenye maabara ya Elion na Hitchings na watu wao. Alopurinoli ilitafutwa kwanza ili kuizuia merkaptopurini isivunjwe haraka, ndipo ikaonekana inafaa kwa ugonjwa wa jongo. Kwa sababu hiyohiyo ni hatari kuzitumia pamoja bila kupunguza sana merkaptopurini, hadi robo ya dozi. Mwambieni kila daktari mpya anayemwona mtoto, hata wa meno.

Kabla hamjaanza, ulizieni kipimo cha vinasaba. Mwili huivunja dawa hii kwa kimeng'enya kiitwacho TPMT, na tangu mwaka 1980 Richard Weinshilboum alipoonyesha kwamba watu hutofautiana kwa jeni, inajulikana kwamba mtu 1 kati ya 300 hivi hana kabisa, na 1 kati ya 10 ana nusu. Mtoto asiyekuwa nacho akipewa dozi ya kawaida, uboho wake unaweza kuacha kutengeneza damu. Jeni nyingine, NUDT15, huleta tatizo hilohilo na huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Asia Mashariki. Binti yangu alipimwa zote mbili. Majibu yake yalikuwa ya kawaida na dozi yake ikabaki ya kawaida.

Kero, basi. Ukishaifungua chupa, ina siku 56. Kwa mililita 1.8 kwa siku, mililita 100 zinakwisha siku ya 55, kwa hiyo dozi kamili inaenda sawasawa na chupa. Dozi ikipunguzwa kwa nusu kwa sababu ya damu, karibu nusu chupa inabaki na tarehe imefika. Haimwagwi kwenye sinki wala haitupwi na taka. Inarudishwa kwa mfamasia. Inaniuma kuirudisha nikijua kuna watoto hawana hata kidonge. Chupa ndogo ya mililita 50 ingeondoa tatizo hili.

Ikidondoka kwenye nguo doa halitoki kirahisi, na kwenye kidole inanata, kwa hiyo glavu bado zipo. Mistari ya sirinji inafifia kwa kuoshwa, na ombeni nyingine kabla hamjaanza kubahatisha. Ina aspatemu, kitia utamu cha viwandani, kwa hiyo haimfai mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja kitu kilichomo kwenye aspatemu. Ladha, mwanangu anasema ni tamu halafu si tamu. Haipendi, lakini anaimeza.

La hatari zaidi ni kuchanganya nguvu za dawa. Baadhi ya wafamasia hutengeneza dawa ya maji wenyewe kwa kusaga vidonge, na nguvu yake inaweza isiwe miligramu 20 kwa mililita. Mililita 1.8 ya chupa moja si mililita 1.8 ya nyingine. Kwenye daftari langu naandika miligramu kwanza, mililita baadaye, na nikipokea chupa mpya nasoma lebo mbele ya mfamasia kabla sijaondoka dirishani. Amezoea. Siku hizi ananisomea yeye.

Na siku ya kuhama kutoka vidonge, msihame kimyakimya. Kiasi kinachoingia mwilini kwa jumla kinalingana, lakini kilele cha ya maji kwenye damu ni cha juu kuliko cha kidonge, hivyo mtoto apimwe damu kwa karibu wiki za mwanzo. Sisi tulipimwa, neutrofili zikashuka kidogo, dozi ikasogezwa, zikatulia.

Kijana wa miaka 10 anayemeza vidonge bila shida sioni sababu ya kumbadilishia. Kidonge hakitikiswi, hakina siku 56, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani, na ndicho hospitali nyingi zinacho. Kama hicho ndicho mnachopata kwa mtoto mdogo, mwombeni mfamasia awakatie na awapangie ratiba kwa maandishi, na msikubali kutumwa nyumbani na maneno matupu. Lakini kama ya maji inapatikana na mtoto wenu ana miaka 2, 3 au 4, iombeni waziwazi, na mkiambiwa vidonge vinatosha, waulizeni watampimiaje miligramu 36.